Uzi: Washauri wa komini za Lubumbashi wachaguliwe kwa njia gani?

Mkaaji wa Kisanga

Ndugu zangu wa Lubumbashi, pamoja nanyi mnaotusoma kutoka Likasi, Kolwezi, Bukavu na Goma, ninaleta hoja ambayo ningependa tuijadili kwa utulivu, bila kuigeuza kuwa kampeni ya chama chochote. Tangu Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 ianze kutumika, tumepiga kura ya rais, ya wabunge wa taifa na ya wabunge wa majimbo, lakini kura ya komini, yaani ya sehemu za mji zenye baraza lake, iliahirishwa kila mara hadi tarehe 20 Desemba 2023, na hata siku hiyo ilifanyika katika miji mikuu ya majimbo peke yake, huku sekta na maeneo ya machifu wa jadi yakiambiwa yasubiri. Kwa kuwa hao ndio washauri wa kwanza kupatikana chini ya Katiba hii, nadhani inafaa kuuliza sasa kama njia iliyowaleta ni nzuri, kabla haijageuka kuwa mazoea ambayo hakuna atakayethubutu kuyagusa.

Njia yenyewe ni hii. Komini nzima ni eneo moja la uchaguzi. Kila chama au muungano unaleta orodha ya wagombea, nawe unachagua jina moja tu. Kura yako huhesabiwa kwanza kama kura ya orodha, ndipo ihesabiwe kama kura ya mtu uliyemchagua. Orodha isiyofikisha asilimia 10 ya kura halali huondolewa katika mgawanyo. Zilizobaki hugawana viti kwa uwiano, vile visivyogawika huenda kwa wenye salio kubwa zaidi, na ndani ya kila orodha hupita waliotangulia kwa kura.

Kazi ya mwananchi inaishia hapo. Yanayofuata yamepangwa na sheria ya 7 Oktoba 2008 inayohusu miji, komini na maeneo mengine yenye madaraka yake: washauri wa komini ndio wanaomchagua mkuu wa komini na naibu wake, ambao wanaweza kutoka ndani ya baraza au nje yake, hao hao ndio wanaochagua washauri wa baraza la mji, na baraza la mji ndilo linalomchagua meya. Kwa hiyo mtu anayeamua kuhusu taka, masoko na barabara za mji mzima anapatikana baada ya kura yangu kupita mikononi mwa watu wengine mara mbili.

Ninapendekeza mambo mawili. La kwanza, komini igawanywe katika maeneo madogo ya uchaguzi yanayofuata mitaa, ili kila mshauri awe na watu wanaomjua na wanaoweza kumwuliza. La pili, washauri wa baraza la mji wachaguliwe na wananchi moja kwa moja, siku ile ile ya kura ya komini.

Ninaishi Annexe, na huenda ndiyo maana jambo la kwanza linaniuma zaidi. Komini hiyo inauzunguka mji karibu wote: Kasapa, Kimbembe, Kisanga, Kasungami, Kalebuka, Luwowoshi, Munua na Naviundu zote zimo ndani yake. Mtu wa Kasapa, jirani na chuo kikuu, na mtu wa Kalebuka wanaweza kuishi miaka mingi bila kukanyaga mtaa wa mwenzake, lakini walipewa karatasi yenye majina yale yale. Kwa mgombea, njia rahisi ilikuwa kushika mtaa mmoja wenye watu wengi na kuiacha mingine, na ndivyo wengi walivyofanya.

Mama wa Soko

Ndugu wa Kisanga, asante kwa kutufungulia mazungumzo haya. Mimi nitazungumza kuhusu ile asilimia 10, kwa sababu ndiyo iliyotunyang'anya mtu wetu.

Wakina mama tunaouza mboga na samaki wakavu tulikuwa na mgombea mwenzetu, ambaye alijua ushuru wa soko unalipwa saa ngapi, kwa nani, na ni mara ngapi mkusanyaji anarudi jioni kudai tena akisema tiketi ya asubuhi haisomeki. Tulimpigia kura wengi sana. Alipita mbele ya watu ambao leo wanaketi katika baraza, ila orodha yake kwa ujumla haikufika kwenye kizingiti, na kura zetu zote zikawa kama hazikupigwa.

Kwa wale wanaosema hesabu ni ngumu, hebu tuchukue mfano wa kubuni. Komini ina kura halali 40,000, kwa hiyo kizingiti ni 4,000. Mgombea mmoja anapata 3,000 peke yake, na wenzake wa orodha wanaongeza 900. Jumla ni 3,900, na hakuna anayepata kiti. Orodha nyingine ina kura 12,000 zilizotawanyika kwa watu wengi, na mtu mwenye kura 700 ndani yake anaingia barazani. Nielezeni mtakavyo, mimi sitamweleza muuza ndagala kwamba 700 ni nyingi kuliko 3,000.

Ninajua sheria ya 2022 iliziondolea dhamana orodha zenye nusu ya wagombea wanawake au zaidi. Ni jambo jema. Lakini chama kinaweza kujaza wanawake katika orodha ili kiokoe fedha ya dhamana na kukusanya kura za jamaa zao, kisha kikawaacha njiani. Kuwekwa katika orodha na kupewa nafasi ya kushinda ni vitu viwili tofauti.

Mzee wa Kamalondo

Wanangu, ninaunga mkono nia yenu, lakini pendekezo la kwanza la ndugu wa Kisanga linanitia hofu, na sababu yake iko katika historia ya mji huu wenyewe.

Watu wengi husema kwamba hatujawahi kuchagua viongozi wa komini kabla ya 2023. Si hivyo. Mnamo Desemba 1957, Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya kwanza ya Kongo, pamoja na Léopoldville (Kinshasa) na Jadotville (Likasi), ambako Waafrika waliruhusiwa kupiga kura ya komini. Ilikuwa kura ya wanaume tu, na iliitwa ya mashauriano kwa sababu mamlaka ya Wabelgiji ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Kamalondo yetu wakati huo iliitwa Albert; nyingine za Waafrika zilikuwa Kenya, Katuba na Ruashi. Wakuu wa komini waliopatikana hawakuwa wenyeji wa kusini mwa Katanga; wengi wao walitoka Kasai, watu walioletwa au waliokuja wenyewe kufanya kazi katika migodi, reli na ofisi. Wenyeji walihisi kwamba wamepokonywa nyumba yao, na mwaka uliofuata, 1958, ikazaliwa CONAKAT, chama cha siasa cha wenyeji wa Katanga. Julai 1960 tukawa na Katanga iliyojitenga. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka pia 1992 na 1993, treni zilizojaa watu wa Kasai waliofukuzwa, na waliokufa katika vituo vya reli wakingoja kuondoka.

Sisemi kwamba karatasi ya kura ndiyo iliyozaa hayo yote. Ninasema kwamba katika mji ambao mitaa mingine inajulikana kwa kabila la wakazi wake wa kwanza, mkiweka kiti kimoja kwa mtaa mmoja, kila mtaa utaulizana nani ni wengi, na walio wachache hawatakuwa na pa kwenda. Orodha ya komini nzima, pamoja na kasoro zake zote, inamlazimisha mwenye chama kutafuta mtu wa Katanga, mtu wa Kasai, mtu wa Kivu na mtu wa Bandundu na kuwaweka katika karatasi moja, hata kama hafanyi hivyo kwa upendo. Ukivunja jambo hilo, uwe na kitu kingine cha kuweka mahali pake.

Bila Makuta

Ninasoma kwa heshima zote, lakini mnabishana kuhusu namna ya kuchagua watu wa kukaa katika chumba kisicho na sanduku la fedha. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni yabaki jimboni, na sheria ya 2008 inataka komini na miji zipate sehemu yake katika hiyo. Nitajieni komini moja inayopata haki yake yote kwa wakati. Hata malaika akichaguliwa, ataishia kusimamia salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa.

Mwanasheria Mchanga

Papa Bila Makuta, ninakubali kuhusu fedha, lakini naiona hoja yako ikienda upande mwingine. Fedha hiyo haitadaiwa na mtu aliyewekwa kwa amri kutoka juu, kwa sababu aliyemweka anaweza kumwondoa kesho. Itadaiwa na mtu ambaye cheo chake kinategemea wananchi, nao wamuulize kila mwaka bajeti iko wapi. Na tukumbuke kwamba zaidi ya hizo asilimia 40, komini ina mapato yake mwenyewe: ushuru wa masoko, maegesho, vibali vidogo vidogo. Mama wa Soko ametuonyesha jinsi yanavyokusanywa jioni.

Sasa kuhusu sheria, kwa kuwa naona watu wanachanganya. Uchaguzi wa gavana kupitia wabunge wa jimbo umo katika Katiba, kifungu cha 198, kwa hiyo kuubadilisha ni kazi kubwa, na kwa hali ya siasa ilivyo tangu rais azungumzie mabadiliko ya Katiba huko Kisangani mnamo Oktoba 2024, mtu akitaja neno hilo mazungumzo yote yanahamia kwenye muhula wa rais. Mambo ya komini hayako hivyo. Ukubwa wa eneo la uchaguzi, kizingiti, na namna ya kumpata mshauri wa mji yako katika sheria ya uchaguzi ya 9 Machi 2006, ambayo imekwisha kurekebishwa 2011, 2015, 2017 na 2022, na katika ile sheria ya 2008. Hii ya pili ni sheria ya msingi (kwa Kifaransa loi organique), kwa hiyo inahitaji zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa kila baraza la Bunge na lazima Mahakama ya Katiba iithibitishe kabla ya kutangazwa. Ni safari ndefu kidogo, lakini inawezekana bila kuigusa Katiba hata kwa nukta.

Kuna tatizo lingine ambalo ndugu wa Kisanga hakuligusa. Nani atachora mipaka ya maeneo hayo madogo? Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika 1984. Viti hugawanywa kwa kufuata idadi ya walioandikishwa na tume ya uchaguzi, CENI, na uandikishaji huo umepangwa kwa vituo. Inawezekana kujumlisha vituo vya kila mtaa, lakini mwenye kuchora mstari kati ya Kasungami na Kalebuka atakuwa na nguvu ya kumpa kiti anayemtaka. Mimi naiogopa kalamu hiyo kuliko kizingiti.

Njia ya Kasumbalesa

Ninavuka mpaka mara nyingi kwa ajili ya biashara ya unga, basi niwaeleze ya jirani. Zambia zamani madiwani ndio waliokuwa wakimchagua meya miongoni mwao. Walirekebisha Katiba yao mwanzoni mwa 2016, na kuanzia uchaguzi wa Agosti mwaka huo mwananchi wa Ndola, Kitwe au Chililabombwe anampigia meya kura yeye mwenyewe, siku moja na rais na mbunge, na diwani anamchagua kwa wadi. Ukienda sokoni huko na kuuliza meya ni nani, muuzaji atakuambia jina na atakuongezea matusi mawili. Ukiuliza hapa kwetu, watu wanatazamana.

Wakenya nao, kwa Katiba yao ya 2010, wana wadi 1,450, kila moja na mjumbe wake katika baraza la kaunti, na gavana anachaguliwa moja kwa moja. Watanzania wamebaki na meya anayechaguliwa na madiwani, lakini diwani mwenyewe anatoka kata moja, na hata mwenyekiti wa mtaa anapigiwa kura. Kwetu shefu wa mtaa anateuliwa, naye ndiye anayetusainia karatasi zote za ukaazi. Hilo lingefaa uzi wake.

Tahadhari ni moja. Meya aliyechaguliwa na watu anaweza kujikuta na baraza la chama kingine, kila upande ukisema wananchi wako nyuma yake, na takataka zikabaki barabarani wakati wanashindana. Kwa hiyo mimi ninaunga mkono kuchagua washauri wa mji moja kwa moja, kama alivyosema mwanzisha uzi, na kuwaachia hao wamchague meya na wawe na uwezo wa kumwondoa.

Mkaaji wa Kisanga

Ninawashukuru wote. Nitajibu kwa kuanzia mahali palipo pagumu, yaani kwa Mzee.

Mzee, hofu yako ni ya haki, na kwa ajili hiyo sipendekezi kiti kimoja kwa mtaa mmoja. Ninachopendekeza ni maeneo yenye viti vitatu au vinne, kila moja likiunganisha mitaa kadhaa, na uwiano ubaki kama ulivyo. Annexe ingekuwa na maeneo mawili au matatu. Kamalondo, ambayo ni ndogo na unaweza kuivuka kwa miguu kabla chai haijapoa, isingegawanywa kabisa. Katika eneo la viti vitatu, kundi lililo kubwa haliwezi kuchukua vyote kwa urahisi, na mwenye orodha bado atatafuta watu mchanganyiko kwa sababu kiti cha tatu mara nyingi hupatikana kwa kura chache za nyongeza. Aidha, katika eneo dogo kama hilo ile asilimia 10 inakosa kazi, kwa sababu karibu kila mara orodha itahitaji kura nyingi zaidi ya hizo ili ipate kiti. Tunaweza kuifuta bila baraza kutawanyika vipande vipande.

Mama, nakiri kwamba hilo la mwisho halimalizi shida yako. Mgombea wako alikuwa na wapiga kura waliokuwa wakikutana sokoni lakini wanaolala mitaa tofauti, na eneo dogo lingewagawa.

Kuhusu kalamu anayoiogopa Mwanasheria, ningeifunga kwa kanuni tatu ziandikwe ndani ya sheria yenyewe: mtaa usikatwe katikati, maeneo ya komini moja yasitofautiane sana kwa idadi ya walioandikishwa kwa kila kiti, na ramani itangazwe mapema ili mtu aweze kwenda mahakamani kuipinga.

Lakini mkiniambia nichague moja tu kati ya mapendekezo yangu mawili, nitachagua la pili. Tuseme baraza la komini lina viti tisa. Watu watano wanatosha kumpa mtu ukuu wa komini. Watu watano wanajulikana kwa majina, kwa nyumba na kwa madeni yao. Tumekwisha kuona kinachotokea pale wachache wanapopewa kuchagua kwa niaba ya wengi: Machi 2019, baada ya wabunge wa majimbo kuwachagua maseneta, shutuma za rushwa zilikuwa nyingi kiasi kwamba rais na viongozi wa taasisi walisimamisha kwa muda kuingia kazini kwa maseneta hao na kuahirisha uchaguzi wa magavana. Hao walikuwa wabunge, wenye mishahara na sauti. Mshauri wa komini asiyejua posho yake itafika lini ni rahisi zaidi kushawishiwa. Makumi ya maelfu ya wapiga kura wa komini nzima wanaweza kupewa fulana na kofia, naam, lakini hakuna mwenye mkoba wa kuwanunua mmoja mmoja na kuhakikisha wametimiza ahadi.

Mama wa Soko

Basi kwa baraza la mji liacheni eneo liwe komini nzima, kwa kuwa hapo ndipo sisi wa soko tunaweza kukusanya kura zetu kutoka mitaa yote. Na kizingiti huko kipunguzwe. Kwa wabunge wa jimbo ni asilimia 3. Sielewi kwa nini wa chini kabisa, walio karibu nasi, wawekewe ukuta mrefu kuliko wote.

Mzee wa Kamalondo

Viti vitatu au vinne, na uwiano: hapo ninaweza kutia sahihi. Ila andikeni wazi kwamba mitaa ya kuunganishwa isichaguliwe kwa kutazama nani anaishi wapi. Andikeni hivyo kwa maneno hayo hayo, msiifiche katika lugha ya wanasheria.

Bila Makuta

Ongezeni basi kifungu kimoja: orodha ya mapato ya komini ibandikwe mlangoni pa ofisi kila mwezi. Mkiandika hilo, nitazunguka nayo Ruashi mimi mwenyewe.

Mwanasheria Mchanga

Tunaweza kuanza bila kumngoja mbunge yeyote. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, akiwa peke yake au pamoja na wengine, haki ya kuipelekea mamlaka ya umma ombi la maandishi, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakiweki idadi ya sahihi. Zile sahihi 100,000 mnazozisikia ni za kifungu cha 218, kwa mwenye kutaka kurekebisha Katiba, nasi hatuombi hilo. Ninashauri tuliandikie Bunge la Taifa, na nakala iende kwa wabunge waliochaguliwa Lubumbashi, ili kila mmoja wao aulizwe hadharani anasimama wapi.

Nimeandaa rasimu yenye madai manne: washauri wa mji wachaguliwe moja kwa moja, komini ikiwa eneo, komini kubwa zigawanywe katika maeneo ya viti vitatu au vinne bila kukata mtaa, kukiwa na sharti la Mzee kama alivyolisema, kizingiti cha asilimia 10 kiondolewe katika maeneo hayo na kisizidi 3 kwa baraza la mji, na mapato ya komini yabandikwe kila mwezi.

Mkaaji wa Kisanga

Ninaikubali rasimu. Itakuwa kwa Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, na jedwali la mitaa ya kila komini litaambatanishwa, likionyesha vituo vya kupigia kura vya 2023. Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi mmekwisha kuniletea ya kwenu. Kwa Kampemba na komini ya Lubumbashi yenyewe kuna watu waliojitolea. Annexe ndiyo iliyobaki nyuma: Kisanga na Kasungami ninazo, Kasapa nimeahidiwa na wanafunzi, lakini Munua na Naviundu sina mtu. Mwenye kukaa huko, au mwenye ndugu huko, aandike hapa chini vituo anavyovijua, pamoja na jina la avenyu, ili tusije tukaweka kituo cha Naviundu katika hesabu ya Luwowoshi.